Lyman Copeland Draper: Miswada ya Mpakani na Vitabu Visivyoandikwa

1.0 Utangulizi

Katika historia ya taaluma, mkusanyaji wa miswada hupewa nafasi ya pembeni. Jina lake hutajwa katika tanbihi, na mara nyingi halifiki hata huko, kwa kuwa mtafiti anayekuja baadaye hutosheka na kutaja namba ya jalada. Lyman Copeland Draper (1815–1891) ni mfano bora wa hali hiyo. Karibu kila mtafiti wa Marekani anayeandika juu ya walowezi waliovuka milima ya Appalachian kati ya miaka ya 1750 na Vita vya 1812 hulazimika kupitia majalada yake. Hata hivyo, Draper mwenyewe hakutaka kukumbukwa kwa majalada. Alitaka kuwa mwandishi wa maisha ya mashujaa. Alikusanya kwa zaidi ya miaka hamsini ili apate kuandika, na katika muda huo wote alitoa kitabu kimoja tu cha historia chenye uzito.

Makala haya yanasimulia maisha yake kwa kuzingatia uhusiano wa kazi hizo mbili, yaani kukusanya na kuandika. Waliomwandikia wasifu, akiwamo William Hesseltine aliyechapisha kitabu chake mwaka 1954, wamekuwa na mwelekeo wa kuuhesabu ukimya wa Draper kuwa msiba wa maisha yake. Sisi tunaona vingine. Tunadai kwamba kama angaliandika vitabu alivyokusudia, huenda tungalirithi vitabu kumi vya sifa na hati chache zilizochujwa. Alichotuachia badala yake ni ushahidi ambao haukuchujwa, pamoja na migongano yake yote.

Yafaa kwanza tueleze neno moja. Tunapotumia hapa neno mpaka, hatumaanishi mstari uliochorwa kwenye ramani kati ya dola mbili. Tunamaanisha eneo pana la bonde la mto Ohio, Kentucky, Tennessee na nyanda za nyuma za Virginia na Carolina, ambako walowezi wa Kizungu waliingia kwa nguvu katika nchi za Washawnee, Wacherokee, Waseneka na mataifa mengine. Kwa wenyeji hao hapakuwa na mpaka wowote, palikuwa nyumbani.

2.0 Malezi na Mfadhili

Draper alizaliwa tarehe 4 Septemba 1815 magharibi mwa jimbo la New York, karibu na ziwa Erie. Babu yake mzaa baba alipigana katika Vita vya Mapinduzi, na baba yake, Luke Draper, alitekwa na Waingereza mara mbili katika Vita vya 1812. Mtoto alikua akisikia habari hizo nyumbani kabla hajazisoma mahali popote. Familia ilihamia Lockport, mji uliochipuka kutokana na uchimbaji wa mfereji wa Erie, na huko alipata elimu ya shule za kijijini na kufanya kazi ndogondogo madukani. Alikuwa na kimo cha futi tano na kidogo, na uzito wake haukuzidi sana ratili mia moja. Katika maisha yake yote alisumbuliwa na maradhi, mengine ya kweli na mengine, tunavyoshuku, ya wasiwasi.

Mtu aliyebadili mwelekeo wa maisha yake alikuwa Peter Remsen, mume wa binamu yake Lydia. Remsen alikuwa wakala wa pamba aliyefanya biashara katika bandari ya Mobile, Alabama. Mwaka 1833 Draper, akiwa kijana wa miaka kumi na minane hivi, alikwenda kukaa naye huko, na akaanza kukusanya habari za William Weatherford, kiongozi wa Wacreek aliyeshiriki katika shambulio la Fort Mims mwaka 1813. Kisha Remsen alimlipia masomo katika chuo cha Granville, Ohio, ambacho leo kinaitwa Chuo Kikuu cha Denison. Fedha zilipopungua, Draper aliacha chuo bila kuhitimu.

Jambo hili halisemwi sana na wasifu wa zamani, nasi tunadhani linastahili kusemwa waziwazi. Pamba iliyopita katika bandari ya Mobile ililimwa na watumwa. Kwa karibu miaka ishirini Draper aliishi katika nyumba ya Remsen, akala chakula chake na kusafiri kwa msaada wake. Kwa hiyo mkusanyiko mkubwa kuliko yote wa hati za walowezi walioimbwa kuwa wapenda uhuru uliasisiwa, kwa sehemu isiyo ndogo, na faida ya kazi ya watu wasio huru. Draper hakuliona hili kuwa tatizo, na katika mpango wake wa utafiti watumwa hawakuwa miongoni mwa waliostahili kuandikiwa wasifu.

Mwaka 1838 alianza kuwaandikia barua wazee na watoto wa walowezi wa mwanzo. Wazo lake lilikuwa sahihi kabisa kwa wakati wake. Mtu aliyekuwa kijana wakati wa vita vya mapinduzi alikuwa amekaribia miaka themanini, na kila majira ya baridi yalipunguza idadi ya walioweza kueleza. Sheria ya kiinua mgongo ya mwaka 1832 ilikuwa imewataka maaskari wazee waeleze utumishi wao mbele ya mahakama ili walipwe, na hivyo kuifanya kumbukumbu ya mzee kuwa na thamani ya fedha. Draper alitaka kumbukumbu hiyohiyo kwa sababu nyingine.

Palitokea mchepuko mmoja. Mwaka 1840 alihamia Pontotoc, Mississippi, akawa mhariri wa gazeti, akafanya ukarani na kujaribu kulima viazi vitamu. Nchi hiyo ilikuwa ya Wachickasaw, waliolazimishwa kuondoka muda mfupi tu kabla yake kwa mkataba uliotiwa sahihi mahali hapohapo Pontotoc mwaka 1832. Mwanahistoria wa mpaka alikuwa amekuwa mlowezi wa mpakani. Hakufanikiwa katika lolote kati ya hayo, akarudi kwa Remsen.

3.0 Mbinu za Kukusanya

Kuanzia mwaka 1843 safari zake ndefu zilianza. Alipita Kentucky, Tennessee, Virginia na Ohio, kwa farasi, kwa magari ya abiria, kwa mashua za mvuke na kwa miguu. Aliingia katika nyumba za wazee bila mwaliko, akapokelewa, akakaa siku kadhaa, akaandika. Jioni alinakili hati ambazo wenyeji wake hawakutaka kuziachia, na zile walizokuwa tayari kuziachia alizichukua.

Mbinu yake ilikuwa na hatua tatu. Kwanza alisoma kila kilichochapishwa kuhusu tukio alilolichunguza. Pili aliandaa orodha ya maswali yaliyopewa namba, mahususi kwa kila msimulizi, na kuituma kwa posta au kwenda nayo mwenyewe. Tatu alilinganisha jibu la huyu na jibu la yule, na pale yalipopingana aliwaandikia wote wawili tena. Baadhi ya mawasiliano haya yalidumu miaka mingi. Mtu akifa, Draper alimwandikia mtoto wake.

Mfano ulio bora kuliko yote ni mahojiano ya vuli ya mwaka 1851. Draper alikwenda hadi kusini-magharibi mwa Missouri, nyumbani kwa Nathan Boone, mtoto wa mwisho wa Daniel Boone, na mkewe Olive. Nathan alizaliwa mwaka 1781 na alikuwa amebakiza miaka mitano tu ya kuishi. Mgeni alikaa wiki kadhaa na kujaza zaidi ya kurasa mia tatu za daftari. Olive alihojiwa naye pia, na katika maelezo yake tunapata mambo ambayo mumewe hakuyaona kuwa ya kihistoria: namna familia ilivyosafiri, ilivyohifadhi chakula, na ilivyosubiri. Mahojiano hayo yalichapishwa kuwa kitabu mwaka 1999, karibu karne moja na nusu baada ya kufanyika.

Hata hivyo, hatuna budi kuonyesha udhaifu wa mbinu hiyo, kwani wanafunzi huichukua mara nyingi kana kwamba ni chemchemi isiyo na taka. Wasimulizi wa Draper hawakuwa watu wasiojua kusoma. Wengi walikuwa wamesoma, au wamesomewa, kitabu cha John Filson kuhusu Kentucky kilichotoka mwaka 1784, na wasifu wa Boone uliotolewa na Timothy Flint mwaka 1833, ambao umejaa chumvi. Mzee aliposimulia tukio la mwaka 1778, haikuwa rahisi kujua lipi aliliona, lipi aliambiwa na baba yake, na lipi alilipata kitabuni. Yeyote aliyepata kuwahoji wazee wa mwambao wetu kuhusu tarehe za miji au watungaji wa tenzi atautambua ugumu huu bila kuelezwa. Zaidi ya hayo, maswali ya Draper yenyewe yalibeba majibu. Alipomwuliza msimulizi kama ni kweli kwamba fulani alijeruhiwa begani, bega lilikuwa limekwisha kuingia katika kumbukumbu.

Lililomwokoa ni tabia yake ya kutotupa kitu. Aliyahifadhi maswali pamoja na majibu, barua ya kwanza pamoja na barua ya kusahihisha. Kwa sababu hiyo mtafiti wa leo anaweza kufuata nyayo za uchafuzi, na kusema kwamba jambo hili lilitoka kwa msimulizi na lile lilitoka kwa mwulizaji. Ni fursa ambayo wakusanyaji wengi wa karne ya 19, waliotupa madaftari mara tu kitabu kilipotoka, hawakutuachia.

4.0 Upande wa Pili wa Moto

Draper aliwaona walowezi kuwa wabeba nuru, na lugha yake kuhusu wenyeji wa asili ni lugha ya wakati wake, tena mara nyingine ni mbaya kuliko ya wakati wake. Lakini kiu yake ya habari ilikuwa kubwa kuliko chuki yake, na kiu hiyo ilimpeleka mahali ambako waandishi wengine wa mashujaa hawakufika.

Mwezi Februari 1850 alikwenda Allegany, katika eneo la Waseneka, kumwona mzee aliyejulikana kwa Waingereza kama Governor Blacksnake. Huyu alikuwa mpiganaji aliyeshirikiana na jeshi la Mfalme wa Uingereza katika vita vya mapinduzi, na sasa alikuwa mkongwe sana. Draper alimhoji. Jambo muhimu zaidi ni kwamba alipata pia maandishi ya Benjamin Williams, Mseneka aliyejua kusoma na kuandika, ambaye alikuwa ameandika masimulizi ya mzee huyo kwa Kiingereza chake mwenyewe. Kiingereza hicho hakifuati sarufi ya shuleni, na mhariri wa karne ya 19 angalikisafisha mpaka kisibaki na ladha ya mwenyewe. Draper hakukichapisha, hivyo hakukisafisha. Thomas Abler alipoyahariri maandishi hayo mwaka 1989, aliyakuta yalivyoachwa na Williams. Ni moja kati ya kumbukumbu chache mno za vita hivyo zilizotoka katika kinywa na mkono wa wenyeji.

Baadaye, katika miaka ya 1860 na 1870, alifanya safari za kuwatafuta Washawnee waliokuwa wamehamishiwa Kansas na jamaa za Joseph Brant, kiongozi wa Wamohawk. Hati zinazomhusu Brant zinajaza majalada 22, na zile za Tecumseh 13. Vitabu vya watu hao wawili havikuandikwa.

5.0 Madison

Remsen alifariki mwaka 1852. Katika mwaka huohuo Draper, kwa kuitwa na rafiki wa zamani wa chuoni, Charles Larrabee, alihamia Madison, Wisconsin, jimbo lililokuwa na umri wa miaka minne tu. Mwaka uliofuata alimwoa Lydia, mjane wa mfadhili wake. Januari 1854 Chama cha Historia cha Jimbo la Wisconsin kilipangwa upya na Draper akawa Katibu wake wa Mawasiliano. Maktaba nzima ya chama ilikuwa na vitabu hamsini, vilivyotosha katika kabati moja dogo la milango ya vioo lililowekwa katika ofisi ya gavana.

Kilichofuata kilikuwa kazi ya mtu aliyejua kuomba. Aliwaandikia waandishi, wachapishaji, magavana, majenerali na vyama vya elimu vya Ulaya, akaomba vitabu, magazeti, ramani na picha. Aliwaendea wabunge wa jimbo mwaka baada ya mwaka kuomba fedha, jambo lisilokuwa la kawaida wakati huo, kwani vyama vya namna hiyo katika majimbo ya mashariki vilitegemea mifuko ya matajiri. Maktaba ilihamia chini ya kanisa la Wabaptisti, kisha mwaka 1866 ikapewa nafasi katika jengo la Bunge. Alipostaafu mwishoni mwa mwaka 1886, vitabu na vijitabu vilizidi laki moja. Kwa muda mfupi, kati ya 1858 na 1860, alikuwa pia Msimamizi wa Elimu wa jimbo, na alipigania maktaba za umma kwa bidii ileile.

Alihariri majuzuu kumi ya kwanza ya mkusanyiko wa makala na kumbukumbu uliochapishwa na chama. Humo alifanya kwa ajili ya wengine kile alichoshindwa kujifanyia: alipokea hati, akaiweka sawa, akaandika maelezo mafupi, akaitoa. Pengine kazi hii ya ofisi ndiyo iliyomzuia kuandika. Yeye mwenyewe alielekea kuamini hivyo. Sisi hatushawishiki, kwani hata baada ya kuiacha hakuandika.

6.0 Vitabu Visivyoandikwa

Katika miaka ya 1850 Draper alipatana na Benson J. Lossing, mwandishi mwepesi aliyekuwa na jina kubwa nchini, kwamba wataandika kwa pamoja mfululizo wa wasifu wa mashujaa wa mpakani, wakianza na Boone. Draper alikuwa na hati, Lossing alikuwa na kalamu. Ubia huo ulionekana kuwa na kila sababu ya kufanikiwa. Haukuzaa kitabu hata kimoja, kwa sababu Draper hakuweza kuziachia hati zikiwa na pengo. Kila mara palikuwa na barua moja ambayo haijajibiwa, mjukuu mmoja ambaye hajapatikana, tarehe moja yenye mashaka.

Wasifu wa Boone aliuanza na kuuandika hadi majalada matano ya mkono. Unaishia mwishoni mwa miaka ya 1770, ilhali Boone aliishi hadi mwaka 1820. Mtu akiusoma leo ataelewa kilichotokea. Aya moja ya masimulizi hufuatwa na maelezo ya chini marefu kuliko aya yenyewe, yakipima umri wa mashahidi na umbali kati ya vijito viwili. Mwandishi amegeuka hakimu asiyethubutu kutoa hukumu.

Kitabu chake pekee kikubwa, kuhusu mapigano ya King's Mountain ya tarehe 7 Oktoba 1780, kilitoka Cincinnati mwaka 1881, akiwa na miaka sitini na sita. Ni kazi yenye ushahidi mwingi na mtiririko mchache, na wataalamu wa vita hivyo bado wanaitumia. Sehemu kubwa ya nakala iliteketea kwa moto muda mfupi baada ya kuchapishwa. Hivyo kitabu cha mtu aliyetumia maisha yake kuokoa karatasi nadra kikawa nacho karatasi nadra.

Alistaafu ili aandike. Alioa tena mwaka 1889, baada ya Lydia kufariki mwaka 1888. Alitoa insha juu ya ukusanyaji wa saini za waliotia sahihi Tangazo la Uhuru na Katiba, akaanza kuandika maelezo kwa ajili ya toleo jipya la kitabu cha Alexander Withers cha mwaka 1831 kuhusu vita vya mpakani. Alifariki Madison tarehe 26 Agosti 1891 maelezo hayo yakiwa hayajakamilika. Mrithi wake wa ofisi, Reuben Gold Thwaites, aliyakamilisha, na toleo likatoka mwaka 1895.

Je, tumhukumu kwa kushindwa? Hapa ndipo tunapotofautiana na wasifu wa Hesseltine. Kipimo cha mwandishi wa wasifu wa karne ya 19 kilikuwa kumpamba shujaa. Draper alikuwa na nia hiyo kamili, na kalamu yake ilipofanya kazi iliifuata nia hiyo. Ingalipewa nafasi, ingalimchukua Nathan Boone na kumwacha Olive. Ingalimchukua Blacksnake kama adui wa kutisha na kuacha simulizi lake. Kusitasita kwake, ambako pengine kulikuwa ugonjwa, kulifanya kazi ya mhakiki ambayo akili yake haikuifanya.

7.0 Mashtaka ya Kuazima

Liko suala lililo zito zaidi. Tangu Draper alipokuwa hai, walikuwapo watu wa Virginia, Kentucky na Tennessee waliodai kwamba alichukua hati za familia zao kwa kuazima na hakuzirudisha. Yeye na watetezi wake, akiwamo Thwaites, walisisitiza kwamba hati hizo alipewa. Karatasi za George Rogers Clark, zinazofikia majalada 65 na ambazo ndizo fungu kubwa kuliko yote, alizipata kwa jamaa za Clark katika miaka ya 1840. Karatasi za akina Preston na akina Campbell za Virginia alizipata kwa njia ya namna hiyo. Makubaliano mengi yalifanyika sebuleni, kati ya kijana mwenye bidii na mzee aliyefurahi kusikilizwa, na mara nyingi mzee alifariki kabla ya warithi wake kujua sanduku lilikuwa na nini.

Hatudhani kwamba mashtaka haya yanaweza kufutwa kwa jumla, wala kuthibitishwa kwa jumla. Mtu anayezuru nyumba kwa miongo miwili, akiwa na hati za familia nyingi katika begi moja, hawezi kuwa na daftari safi la mkopo na zawadi. Tena Draper aliziweka hati hizo nyumbani kwake na hakupenda wengine wazitumie, kwa kuwa vitabu vilikuwa bado vinakuja. Kwa hiyo mzee wa Virginia aliyempa karatasi ili habari za baba yake zitangazwe hakupata utangazaji wala karatasi. Hilo ni deni, hata kama hakuna mahakama iliyolitambua.

Kwa upande mwingine, kuna habari ya J. G. M. Ramsey. Huyu alikuwa daktari na mwanahistoria wa Tennessee, aliyetoa kitabu chake cha historia ya jimbo hilo mwaka 1853, na alikuwa rafiki wa Draper. Nyumba yake karibu na Knoxville ilichomwa moto mwaka 1863 wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, na maktaba yake pamoja na hati za walowezi alizokusanya maishani zikawa majivu. Kilichosalia Madison kilikuwa nje ya njia ya majeshi. Watetezi wa Draper hupenda kuishia hapa. Lakini hoja ya moto hukata pande zote mbili: jengo la Bunge la Wisconsin nalo liliungua Februari 1904, na hati zilinusurika kwa sababu tu Chama cha Historia kilikuwa kimehamia jengo lake jipya mwaka 1900. Usalama wa hati Madison ulikuwa, kwa sehemu, bahati ya miaka minne.

Sisi tunaoshughulika na miswada ya Kiswahili, tukijua kwamba karatasi alizokusanya W. E. Taylor Mombasa zimo London katika chuo cha SOAS, hatuwezi kulisoma suala hili kwa utulivu wa mtu asiyehusika. Tofauti iliyopo si ndogo. Waliolalamika dhidi ya Draper walikuwa raia wa nchi moja naye, wenye magazeti, mawakili na wabunge, na bado hawakufanikiwa kuzirudisha karatasi hizo.

8.0 Majalada Baada ya Mkusanyaji

Kwa wosia wake Draper alikiachia chama hati zote. Thwaites alizipanga, zikafungwa katika majalada, na hesabu yake hufikia takribani 490 katika mafungu hamsini yanayotambulishwa kwa herufi, kuanzia A na kuendelea hadi herufi zilizorudiwa mara mbili. Mtafiti anapokutana na alama 11CC anajua kwamba ni jalada la kumi na moja katika karatasi za Kentucky. Majalada ya fungu hilo kuanzia la kumi na moja hadi la kumi na tatu hayakukusanywa na Draper hata kidogo. Ni mahojiano ya John Dabney Shane, mchungaji wa Kipresbiteri wa Cincinnati, ambaye mkusanyiko wake uliuzwa kwa mnada baada ya kifo chake mwaka 1864. Draper alinunua sehemu yake. Shane hakutafuta mashujaa. Aliwahoji waumini wake, wanawake kwa wanaume, kuhusu bei, njaa, ugomvi wa mashamba na hofu. Wanahistoria wa jamii wa miaka ya karibuni wamechota zaidi katika majalada hayo matatu kuliko katika majalada 33 ya Boone.

Kati ya 1905 na 1917 Thwaites na Louise Phelps Kellogg walichapisha majuzuu matano ya hati zilizochaguliwa kutoka katika mkusanyiko, yakianza na vita vya Dunmore vya mwaka 1774. Hapo ndipo familia za Virginia na Kentucky zilipoanza kusoma barua za babu zao bila kusafiri. Baadaye majalada yalitiwa katika mikrofilamu, na nakala zake zikasambaa katika maktaba za majimbo yaleyale yaliyolalamika. Mwongozo kamili wa mkusanyiko, ulioandaliwa na Josephine Harper, ulitoka mwaka 1983. Wasifu wa Boone ulichapishwa mwaka 1998 chini ya uhariri wa Ted Franklin Belue, ukiwa bado unakatika mahali palepale Draper alipoweka kalamu chini.